Taa za Guta Zisipowaka: Mambo ya Kuchunguza Kabla ya Kulipa

Katika kata ya Mvumi, wilayani Kilosa, mavuno ya mpunga na mahindi hayafuati saa za jua. Magunia hupakiwa shambani jioni, na guta linapofika kwenye barabara itokayo Dumila kwenda Kilosa, giza limekwisha kuingia. Dereva wa lori anayekuja nyuma haoni guta lenyewe. Huona taa zake mbili nyekundu, au haoni kitu chochote mpaka amelikaribia mno. Taa ya mbele ikizimika, mwenye chombo hutambua papo hapo. Ile ya nyuma inaweza kuwa imekufa kwa wiki nzima bila yeye kujua, kwa kuwa ameipa mgongo.

Kwa guta tunakusudia pikipiki ya magurudumu matatu yenye bodi ya kubebea mizigo, ambayo sehemu nyingine huitwa toyo. Maelezo haya yanamfaa pia mwenye pikipiki iliyoungwa kigari cha ubavuni, ingawa vyombo hivyo ni adimu siku hizi. Tatizo la vyombo hivi viwili ni moja: umeme huzalishwa na kuhifadhiwa kwenye pikipiki, kisha hupelekwa kwenye kitu kingine kilichoshikizwa kwa bolti. Pale penye maungio ndipo penye hitilafu nyingi.

Mlaji anapaswa kufahamu kwanza kwamba taa yoyote huhitaji njia mbili. Umeme huenda kwenye balbu kwa waya, na hurudi kwenye upande hasi wa betri. Katika maguta mengi njia ya kurudi si waya mrefu, bali ni chuma cha fremu yenyewe. Waya mfupi kutoka kwenye kikombe cha taa hufungwa kwa skrubu kwenye bodi, na chuma ndicho kinachomalizia safari. Mafundi huita njia hiyo ethi. Chuma kikiwa kipya na kikavu, mpango huu hufanya kazi vizuri. Lakini bodi ya guta hupakwa rangi, hushika kutu, hurushiwa matope ya masika, na ile inayoinuka kumwaga mzigo hushikwa na fremu kwa bawaba zilizojaa mchanga na grisi kuukuu. Rangi, kutu na grisi iliyokauka havipitishi umeme ipasavyo.

Dalili za ethi mbovu humchanganya mtu asiyezijua. Dereva hukanyaga breki, na badala ya taa ya breki kuwaka, taa zote za nyuma hufifia. Huwasha indiketa ya kushoto, na taa ndogo ya nyuma huanza kupepesa pamoja nayo. Umeme ukinyimwa njia ya kurudi hupenya kwenye balbu nyingine ili kutafuta pa kutokea, ndiyo sababu taa moja huonekana kuitawala nyingine. Mwenye guta akieleza dalili hizi, si ajabu akauziwa betri mpya, kisha flasha ya indiketa, kisha swichi, na taa zikabaki vilevile. Kosa lilikuwa skrubu moja.

Jaribio la kuthibitisha jambo hili halina gharama. Chukua waya wenye urefu wa kutosha kutoka kwenye betri hadi nyuma ya bodi. Menya ncha zake mbili. Ncha moja ishikizwe kwenye upande hasi wa betri, na nyingine iguswe kwenye chuma cha kikombe cha taa au kwenye waya wake wa ethi, huku mtu mwingine akiwasha taa na kukanyaga breki. Taa zikiwaka sawasawa wakati waya umegusa, na kufifia unapoondolewa, balbu ni nzima na betri haina kosa. Kilichokosekana ni ethi. Kwangua mahali pa skrubu kwa msasa mpaka chuma king'ae, funga upya kwa nguvu, kisha paka grisi juu ili maji yasiingie. Kwa guta linalobeba mizigo kila siku tungeshauri zaidi ya hapo: waya wa jaribio ugeuzwe kuwa wa kudumu, upitishwe pamoja na nyaya nyingine kutoka betri hadi taa za nyuma, na chuma cha bodi kisitegemewe tena.

Rangi za nyaya zisichukuliwe kwa kukisia. Katika pikipiki nyingi zinazofuata mtindo wa Honda, waya wa kijani ndio wa ethi. Nyingine hutumia mweusi wenye mstari wa njano. Fundi anayesema rangi zote ni sawa hajaliangalia guta lako.

Ethi ikiwa nzima, tazama balbu. Balbu ya nyuma yenye kazi mbili huandikwa 12V 21/5W: wati 5 ni za taa ndogo, 21 ni za breki. Vipini vyake viwili haviko kwenye kimo kimoja, na vimewekwa hivyo makusudi ili isiingie kinyume. Mtu akiisukuma kwa nguvu ikaingia kinyume, taa ndogo itawaka kwa ukali kana kwamba breki imekanyagwa muda wote, na dereva aliye nyuma hatajua guta linaposimama kweli. Baada ya balbu, fuata waya kwa macho na vidole kuanzia taa hadi kiti. Mahali pa kushuku ni kwenye shingo ya usukani, kwenye bawaba za bodi, na karibu na bomba la moshi. Guta linalolala kando ya ghala la nafaka lina adui mwingine, naye ni panya.

Usibadili fyuzi kwa kitu kisicho fyuzi. Tumeona karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ikikunjwa na kuingizwa mahali pake, na guta likaendelea na safari. Hesabu ni rahisi. Taa ya mbele ya wati 35, taa ndogo mbili za wati 5, breki mbili za wati 21 na indiketa mbili za wati 10 zikiwaka kwa pamoja ni wati 107, yaani takriban ampea 9 kwa betri ya volti 12. Fyuzi iliyoandikwa na mtengenezaji, ambayo mara nyingi ni ya ampea 10 au 15, huubeba mzigo huo. Ikikatika mara moja, huenda imezeeka. Ikikatika tena mara tu baada ya kubadilishwa, kuna waya uliochubuka unaogusa chuma, na fyuzi inakuarifu hivyo. Ukiinyamazisha kwa karatasi ya fedha, kitakachoungua ni waya wenyewe, chini ya kiti, jirani na tangi la mafuta. Kabla ya kufungua chochote, toa kwanza kichwa hasi cha betri. Ukianza na chanya, spana ikagusa fremu, shoti hupiga mikononi mwako.

Balbu zinazoungua mara kwa mara ni habari nyingine. Betri iliyojaa na kupumzika hupima takriban volti 12.6 hadi 12.8, injini ikivuma kwa mwendo wa kati, kipimo kinapaswa kuwa kati ya volti 13.5 na 14.5 hivi. Kikivuka 15, kidhibiti cha chaji kimeharibika, na balbu mpya zitaendelea kuungua mpaka kibadilishwe. Kisipopanda kabisa, betri haichajiwi, na kununua betri nyingine ni kuahirisha tatizo kwa siku chache. Mwombe fundi akuonyeshe kipimo kwa macho yako kabla hujatoa fedha. Zipo pia pikipiki ambazo taa yake ya mbele hupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye injini bila kupitia betri. Hizo taa huwaka zaidi injini inapovuma na kufifia inaposinzia, na hilo si kosa la betri.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 humtaka mwenye chombo kuwa na taa mbele na nyuma wakati wa giza. Magunia yaliyoning'inia nje ya bodi yakifunika taa nzima, matokeo kwa anayekuja nyuma ni yaleyale ya taa iliyokufa. Viakisi mwanga vyekundu vilivyobandikwa kwenye bodi ni msaada, lakini haviwaki mpaka vimulikwe.

Kuhusu ununuzi, mlaji adai risiti ya EFD kwa kila kifaa, hata balbu moja, na kwa betri adai dhamana iliyoandikwa, yenye tarehe. Kifaa kilichobadilishwa ni mali yako: mwambie fundi akurudishie kile cha zamani. Fundi mwaminifu hatachukia, na asiye mwaminifu atafikiri mara mbili kabla ya kukuuzia usichohitaji. Balbu isiyo na maandishi ya volti na wati isinunuliwe kwa bei yoyote.

Kifaa kikiharibika mapema, anza kwa muuzaji. Akikataa kusikiliza, malalamiko kuhusu bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani, ambayo husimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 pamoja na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Yale ya ubora hafifu hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania. Mlalamikaji aje na risiti, kifaa chenyewe kilichoharibika, na kasha lake ikiwa bado lipo, kwa kuwa jina la mtengenezaji au la mwagizaji mara nyingi huandikwa kwenye kasha tu.