Kitambi, mazoezi na kukoroma: hoja za mezani Tunduma

Kama umewahi kupita Tunduma kuelekea Nakonde, foleni ya malori unaijua. Madereva wanaosubiri kuvuka kwenda Zambia na Kongo wanalala humo humo kwenye kabini, na ukikatiza pale usiku utasikia wanavyokoroma, utadhani majenereta yamepangwa barabarani.

Nilipokuwa likizo nyumbani nilikuta mjadala kwa mama ntilie. Aliyejadiliwa ni mjomba wangu, dereva wa semi. Utingo wake alikuwa analalamika kwamba hapati usingizi, halafu akatoa na dawa: "Mzee zamani alikuwa mwembamba, hakoromi. Kanenepa, kaanza kukoroma. Akimbie kila asubuhi, kitambi kitaisha na kukoroma kutaisha." Dereva mwingine akamuunga mkono: yeye alianza mazoezi mwezi wa kwanza na sasa hakoromi kabisa. Fundi matairi, mwembamba kama ufito, akacheka. Eti yeye ana kilo 58 na mkewe anamhamisha chumba, kwa hiyo unene hauhusiki.

Tuanze na fundi, maana wake ni rahisi. Ukilala, misuli ya koo inalegea, njia ya hewa inakuwa nyembamba, na nyama laini za nyuma ya kinywa zinatikisika hewa inapopita. Huo ndio mlio. Njia inaweza kubanwa na umbo la taya, mafua, pombe, kulala chali, au mafuta yaliyojikusanya shingoni na kwenye ulimi. Fundi mmoja mwembamba anaonyesha kwamba unene si sababu pekee. Haonyeshi kwamba unene si sababu. Lori tupu nalo linaweza kukatika breki, lakini hakuna anayesema kwa hiyo mizani ya Mpemba ivunjwe.

Yule dereva je? Nilimuuliza maswali mawili tu. La kwanza, nini kingine kilibadilika mwezi wa kwanza? Akakiri aliacha bia. Pombe inalegeza misuli ya koo, sasa tutajuaje kilichomsaidia ni mbio au ni chupa? La pili, nani alimwambia hakoromi? Kimya. Analala peke yake.

Hoja ya utingo ndiyo ngumu, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Watafiti wa Wisconsin, Marekani, waliwafuatilia watu 690 kwa miaka 4 na kuchapisha matokeo mwaka 2000. Hawakupima kukoroma kwenyewe, walipima pumzi kukatika au kupungua usingizini, yaani apnia. Uzito ukiongezeka kwa asilimia 10, matukio hayo yaliongezeka kwa takribani asilimia 32. Ukipungua kwa asilimia 10, yalipungua kwa takribani asilimia 26. Kwa hiyo uzito unahusika. Ila angalia: yalipungua, hayakuisha. Na mjomba hakunenepa tu, amezeeka pia, na umri nao unalegeza koo.

Halafu kiungo cha pili, kwamba kukimbia kutaondoa kitambi. Mtu wa kilo 90 akikimbia kilomita 5 anatumia takribani kilokalori 450. Sahani moja ya chipsi mayai inazirudisha zote, na chenji juu.

Na mshale unaweza kugeuka. Mwaka 2004 watafiti wa Chicago waliwalaza vijana 12 saa 4 tu kwa usiku mbili. Homoni ya njaa ilipanda, ya shibe ikashuka. Inawezekana mjomba analala vibaya, ndiyo maana anakula sana.

Hapa mimi mwenyewe nilishangaa kidogo niliposoma. Utafiti wa South Carolina wa mwaka 2011, wenye watu 43, ulionyesha kwamba wiki 12 za mazoezi zilipunguza apnia kwa takribani robo, ingawa uzito haukubadilika sana. Dhana mojawapo ni kwamba ukikaa kutwa nzima maji yanajikusanya miguuni, na ukilala yanapanda shingoni na kubana koo. Fikiria dereva aliyekaa kwenye usukani saa 10! Kwa hiyo ushauri wa utingo unaweza kuwa mzuri, lakini si kwa sababu aliyoitoa.

Wote watatu walikuwa wanabishania kelele. Nikamuuliza utingo: huwa ananyamaza ghafla? Akaweka kijiko chini. "Anakata kabisa. Halafu anashtuka kama mtu aliyetolewa majini." Na mchana? Anasinzia kwenye foleni mpaka wanampigia honi. Huyu ndiye anayeshuka mteremko wa Iwambi na tani zake mgongoni.

Usiku ule utingo alimrekodi kwa simu. Kinachohesabiwa ni pumzi iliyokatika kwa sekunde 10 au zaidi. Zikifika 30 kwa saa, hali inaitwa kali. Simu si kipimo cha hospitali, na sikio langu ni la mpwa mwenye wasiwasi. Lakini katika dakika 20 nilihesabu 11.

Nilimchezea mjomba ile sauti asubuhi. Aliisikiliza mara mbili, akaniuliza kama kweli ni yeye. Nikamweleza kuhusu mashine ya kusukuma hewa puani usiku, iliyobuniwa na Colin Sullivan wa Australia na kutangazwa mwaka 1981, na kwamba apnia huandamana na shinikizo la damu. Alimpigia tajiri wake kuomba dereva wa zamu, akapanda Coaster kwenda Mbeya kupima. Alikaa kiti cha dirishani, na kabla hawajafika Vwawa alikuwa ameshalala.