Kunduchi, Kijiji cha Nguzo na Ngalawa

Msafiri atokaye mjini kwa njia ya Bagamoyo, akiisha kuipita Mwenge na Mbezi, aghalabu hukata kulia kwenda kwenye mahoteli ya ufukoni, asijue ya kuwa karibu na hapo, katikati ya mibuyu, yamo magofu yaliyokuwapo karne nyingi kabla Sultani Majid hajaanza kuijenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860.

Msikiti wake wa mawe ya matumbawe na chokaa wakadiriwa kuwa wa karne ya 15 au ya 16, na mihrabu yaelekea kaskazini, kwani kwa sisi wa mwambao huu Makka iko karibu kaskazini sawasawa. Makaburi yaliyo mengi ni ya baadaye, ya karne ya 18. Na wale waliokuwa na jaha walisimamishiwa nguzo, zikapachikwa bakuli za kauri kutoka Uchina, ambazo nyingi zimekwisha kung'olewa, yakabaki matundu matupu. Wako wanaoshikilia kwamba majengo haya ni kazi ya wageni peke yao. Siafiki, maana makaburi ya nguzo namna hii ni fani ya pwani yetu wenyewe, tokea Somalia ya kusini hadi Tanzania, na anayetaka kuwapa wengine sifa hiyo ni juu yake kuleta ushahidi.

Lakini Kunduchi si makaburi tu. Alfajiri, ngalawa na mashua zirudipo, ufuko hugeuka soko: dalali hunadi kwa sauti changu, kolekole na nguru, wachuuzi hupandishiana bei, na kina mama wakaangao samaki husubiri mafungu ya bei nafuu, hali mafuta yamekwisha kupata moto. Wakati wa bamvua, maji yakitoka mbali, watu hushuka mwambani kuchokoa pweza. Kusi ikivuma kwa nguvu, vyombo vidogo hukaa pwani na bei hupanda. Mbele yao kipo kisiwa cha Mbudya, kilichofanywa hifadhi ya bahari mwaka 1975 pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, ili samaki wapate mahala pa kuzaana.

Linalotisha ni bahari yenyewe kuula ufuko. Mito iliyokuwa ikiuletea mchanga huchimbwa kwa ajili ya ujenzi wa jiji, nao mchanga usipofika, mawimbi huchukua pasipo cha kurudisha. Wenye mahoteli wamejenga kuta na magati ya mawe, ambayo mara nyingi huukinga upande mmoja na kuudhuru wa pili, na jirani huyo wa pili aghalabu hana fedha za mawe.

Atakaye kuzuru na aanzie mnadani mapema, maana akichelewa atakuta dagaa tu, kisha aende magofuni kabla jua halijawa kali. Na avae viatu, kwa kuwa miiba ya kule haimjui mgeni wala mwenyeji.