Mahindi ya Tanzania: Vyeti hutafutwa kabla ya gunia kupakiwa

MFANYABIASHARA wa Mashuuru, Kaunti ya Kajiado, anayepania kununua mahindi Tanzania huenda akadhani kwamba shughuli ya stakabadhi huanza mpakani Namanga. La hasha. Anayefika huko mikono mitupu huwa tayari amemlipa mkulima na mwenye lori. Shehena ikikataliwa, hasara ni yake.

Masharti haya yana chanzo. Mwaka wa 2004, aflatoksini, sumu itokanayo na kuvu kwenye nafaka yenye unyevu, iliua watu 125 kati ya 317 waliougua mashariki mwa Kenya, hasa Kitui na Makueni, jirani ya Mashuuru. Mahindi hayo yalikuwa yamekuzwa papo hapo; sumu haina uraia. Aidha, haitambuliki kwa macho wala haiishi kwa kupika.

Mnamo Machi 5, 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula (AFA) ilipiga marufuku mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumu hiyo. Marufuku iliondolewa siku chache baadaye kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, aonyeshe maghala yake, awe na cheti kinachothibitisha kwamba aflatoksini haizidi mikrogramu 10 kwa kilo, na kingine kinachotaja wilaya mahindi yalikokuzwa.

Kwa hivyo, anayeanza na aanzie nyumbani. Apate nambari ya ushuru ya KRA, leseni ya biashara ya kaunti na idhini ya afya ya ghala lake, kisha ajisajili na AFA.

Hatua ya pili ni kuomba kibali cha kuingiza mazao kutoka kwa KEPHIS, shirika linalosimamia afya ya mimea. Kibali hiki hutolewa kabla ya mzigo kuondoka, kwani ndicho kinachowaongoza wakaguzi wa Tanzania wanapotoa cheti cha afya ya mimea. Muuzaji naye huhitaji kibali cha serikali yake cha kuuza nje.

Tatu, nafaka ipimwe ingali ghalani mwa muuzaji. Unyevu usizidi asilimia 13.5. Yasiyokauka yaachwe huko.

Katika kituo cha pamoja cha Namanga, kilichozinduliwa Desemba 2018, maafisa wa KEPHIS, KEBS, afya na forodha hukagua shehena. Mahindi yaliyokuzwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki hayatozwi ushuru wa forodha yakiwa na cheti cha asili. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 hutumia cheti kilichorahisishwa. Hata hivyo, wepesi huo ni wa ushuru tu. Gunia moja lenye sumu hudhuru sawa na lori zima.

Anayeanza na asilipe bei yote mapema. Akubaliane na muuzaji kwa maandishi kwamba salio litalipwa baada ya majibu ya maabara kutoka.