Kabla ya kununua betri mpya ya kompyuta mpakato, pima kwanza

Umeme umekatika Akheri, kazi ya chuo inatakiwa usiku huu, na kompyuta mpakato yako haimalizi hata saa moja. Wengi hapo huwaza kushuka Arusha mjini kutafuta betri mpya. Subiri kwanza! Huenda betri ni nzima, ila kuna programu inayokula chaji kimyakimya.

Kama unatumia Windows 10 au 11, kipimo kimo humo humo na hulipii kitu. Fungua cmd, andika powercfg /batteryreport, kisha bonyeza Enter. Itakuonyesha ripoti imehifadhiwa wapi. Ifungue uisome.

Tafuta namba mbili. "Design capacity" ni uwezo wa betri ilipokuwa mpya. "Full charge capacity" ni uwezo wake sasa. Mfano: ya kwanza ikiwa 50,000 na ya pili 40,000, betri imebaki na asilimia 80. Hiyo bado iko vizuri. Ikishuka chini ya nusu, hapo sawa, muone fundi.

Kama ni nzima, ingia Settings, System, halafu sehemu ya betri, uone programu zipi zinakula chaji. Funga usizozihitaji na punguza mwanga wa skrini. Wanaotumia Linux wana PowerTOP ya Intel.

Na usiichaji ikiwa juu ya godoro: inakosa hewa, inapata moto, na joto huzeesha betri haraka.

Dakika 5 tu za kupima, pengine hela yako ikabaki mfukoni.