Sakafu ya Mawe: Uzuri Pekee Hautoshi

Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ndugu msomaji, methali hiyo ilinijia nilipokwenda kumjulia hali jirani yangu mmoja, mzee mstaafu, aliyetumia sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake kutandika vigae vya mawe nyumbani mwake, kuanzia sebuleni hadi jikoni na bafuni. Vigae vilikuwa vyeupe, vimeng'arishwa hata mtu aweza kujitazama. Lakini mkewe alikuwa ameketi kitini, mkono umefungwa plasta. Aliteleza bafuni alfajiri, sakafu ikiwa na maji. Na jikoni, mahali alipozoea kukaa akikuna nazi na kukamulia samaki ndimu, palikuwa na mabaka ya mviringo, kila moja kiasi cha nusu ya ndimu, ambayo hayakutoka kwa sabuni wala kwa maji ya moto.

"Mwanangu," akaniambia mama yule, "katika nyumba hii siku hizi ndimu hukatiwa uani."

Hakuna aliyemwibia mzee huyu. Jiwe aliloletewa lilikuwa marumaru halisi, tena zuri. Kosa lilikuwa ni mahali lilipowekwa. Na hilo ndilo jambo ambalo kila mwenye nia ya kupamba nyumba yake kwa mawe hana budi kulifahamu kabla ya kufungua mkoba: hakuna jiwe lifaalo kila chumba.

Siku hizi neno marumaru limetanuka mno. Dukani huitwa hivyo hata kigae cha udongo kilichookwa kiwandani, mathalani vile vitengenezwavyo Mkuranga na Chalinze. Marumaru yenyewe ni mawe ya chokaa yaliyogeuzwa na joto na mgandamizo mkubwa chini ya ardhi. Chokaa na tindikali havipikiki chungu kimoja. Ndimu, siki, ukwaju na hata nyanya hula uso wa jiwe hilo. Kwa hiyo baka lile si uchafu, bali ni jeraha. Haliondoki kwa kuoshwa, ila kwa kumwita fundi alisugue na kuling'arisha upya.

Aidha, marumaru ni jiwe laini. Wataalamu wa miamba hupima ugumu wa madini kwa kipimo cha 1 hadi 10. Madini ya marumaru hufikia 3 tu, ilhali punje za mchanga tunaoingia nao kwa viatu aghalabu hufikia 7. Asiyeweka kitambaa cha kupangusia miguu mlangoni, huisugua sakafu yake kwa msasa kila siku bila kujua.

Itale, ambayo mafundi wengi huiita graniti, ni jiwe la tabia nyingine. Majabali yale yaliyobebana ukingoni mwa ziwa pale Mwanza ni itale. Ni gumu, halinywi maji mengi, wala ndimu hailitishi. Ndilo lifaalo zaidi jikoni na mahali penye miguu mingi. Jiwe la mchanga, kama lile la Mazeras karibu na Mombasa, lina uso wenye kukwaruza, nalo hufaa barazani na uani. Ila hunywa maji na mafuta upesi. Sleti hupasuka kwa matabaka, na uso wake wa asili hushika mguu vizuri, lakini iliyo duni hubanduka magamba.

Marumaru basi itupwe? La. Iwekwe sebuleni au chumbani, mbali na ndimu na maji. Bafuni, jiwe lolote litakalochaguliwa lisiwe la kung'arishwa. Lipo lililosuguliwa likaachwa bila mng'aro, na lipo lililoachwa na uso wa kukwaruza. Penye wazee, watoto na wajawazito, jambo hili si la urembo bali ni la usalama.

Baada ya kuchagua jiwe, yafaa upige hesabu. Chumba cha mita 3 kwa 4 kina eneo la mita 12 za mraba. Kigae cha sentimita 30 kwa 30 hufunika mita 0.09 za mraba, kwa hiyo utahitaji vigae 134. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya vitakavyokatwa na kuvunjika, uwe na 148. Vinunue vyote kwa pamoja, kwani jiwe la asili halina pacha: mzigo wa mwezi ujao waweza kuwa na rangi nyingine. Kumbuka pia kuwa jiwe lenye unene wa sentimita 1 huwa na uzito wa kilo 27 hivi kwa kila mita ya mraba. Chumba hicho kitabeba zaidi ya kilo 300, jambo la kumwuliza mjenzi kama unaishi ghorofani.

Fundi naye asimamiwe. Kwanza avipange vigae vikavu sakafuni, ili rangi zipatane kabla ya kuvigandisha. Marumaru nyeupe igandishwe kwa saruji nyeupe, kwa kuwa ya kijivu huweza kuonekana kwa chini na kulififisha jiwe. Kazi ikishakauka, gonga kila kigae kwa kidole; kinacholia kama debe tupu kina uwazi chini yake, nacho kitavunjika siku kitu kizito kitakapokiangukia.

Kwa usafi, maji na sabuni isiyo kali yatosha. Dawa za chooni zenye tindikali zisikaribie marumaru hata kidogo.

Basi, ndugu msomaji, siku utakapokwenda dukani, weka kikapuni chupa ya maji na ndimu moja. Omba kipande kilichovunjika cha jiwe ulipendalo. Kidondoshee maji na usubiri dakika 10: likibakia doa jeusi, jiwe hilo hunywa, na litahitaji kupakwa dawa ya kuziba vitundu vyake. Kisha upande mwingine kamulia ndimu, ngoja kidogo, pangusa, ulitazame kwenye mwanga. Mng'aro ukififia, umekwisha kujua jiwe hilo lisiingie chumba gani.

Mwenye duka akikucheka, mwache acheke. Ndimu moja ni rahisi kuliko sakafu nzima, na mkono uliovunjika haununuliwi dukani.