MKOPO WA BENKI YA DUNIA HAUJI INBOX: hizi hela zinaenda wapi, na sisi wauzaji zinatufikiaje

Wiki hii watu wanne wamenitumia meseji ileile wakiniuliza kama ni ya kweli. Inasema Benki ya Dunia imetoa mkopo kwa wafanyabiashara wadogo wa mtandaoni, ujaze fomu, halafu utume elfu 25 ya usajili. Mmoja wao alikuwa ameshatuma. Elfu 25 ya mzigo wa Kariakoo, imeenda hivyo.

Kinachowanasa watu ni kwamba meseji imepanda juu ya habari ya kweli. Januari 2025 marais wa Afrika walikutana hapa Dar es Salaam, na Benki ya Dunia pamoja na Benki ya Maendeleo ya Afrika (AfDB) zikasema zinataka watu milioni 300 Afrika wawe wamepata umeme ifikapo 2030. Kila baada ya muda unasikia dola milioni kadhaa zimepitishwa, mara reli, mara intaneti, mara umeme. Mtu anajiuliza, mbona mimi sijaona hata mia?

Hujaiona kwa sababu benki hizi hazina dirisha la mtu na kibanda chake. Wateja wao ni serikali, kampuni kubwa na benki za biashara. Benki ya Dunia ina mfuko wa nchi za kipato cha chini unaitwa IDA. Mkopo wake una riba ndogo sana au hauna kabisa, unalipwa kwa miaka 30 mpaka 40, na miaka 5 mpaka 10 ya mwanzo nchi hairejeshi hela iliyokopa. Linganisha na ule mkopo wa simu unaokudai kabla mzigo haujafika! Lakini deni ni deni. Linalipwa kwa fedha za kigeni, na serikali inalipa kwa kodi, ya kwako na ya kwangu imo.

Sasa neno la kulielewa vizuri ni hili, "kupitishwa". Mkopo ukipitishwa maana yake bodi ya benki imekubali, basi. Bado mkataba usainiwe, masharti yatimizwe, zabuni itangazwe, watu wanaopitiwa na mradi walipwe fidia. Hela yenyewe inatoka kidogo kidogo kazi inavyoonekana, kama unavyofanya na fundi wako, humpi yote siku ya kwanza.

Chukua mfano wa Rusumo, kwenye Mto Kagera, pale Ngara inapopakana na Rwanda. Benki ya Dunia ilipitisha dola milioni 340 za bwawa la umeme mwaka 2013. Ni megawati 80 zinazogawanywa sawa kwa nchi tatu, Tanzania, Rwanda na Burundi, na AfDB ilikopesha upande wa njia za kusafirisha umeme. Mitambo ilianza kuzalisha 2023. Miaka kumi! Njia kubwa ya umeme kati ya Singida na Isinya kule Kenya, AfDB nayo imo pamoja na Wajapani, ilipata mkopo 2015, na ikawashwa mwisho wa 2024.

Reli ni vilevile. Desemba 2023 AfDB ilipitisha kama dola milioni 696 kwa ajili ya SGR kutoka kwetu kwenda Burundi. Sehemu ya Burundi ni msaada, ya Tanzania ni mikopo na dhamana. Kuna watu waliisikia habari hiyo wakaanza kuulizia fremu Uvinza. Jiwe la msingi la kipande cha kwenda Musongati limewekwa Agosti 2025. Kwa hiyo wewe wa Kigoma unayeuza vitenge mpaka Bujumbura, piga hesabu ya usafiri kwa lori na boti kama kawaida. Fremu lipia siku treni inapita, au angalau reli inapotandikwa unaiona kwa macho. Kodi ya miezi sita unayolipa leo haisubiri treni.

Kwenye intaneti mambo yalienda haraka zaidi, na hapo sisi wa mtandaoni tumefaidi moja kwa moja. Mkongo wa EASSy unaopita chini ya bahari kutoka Afrika Kusini mpaka Sudan ulianza kazi 2010, na sehemu ya hela zake ilikopeshwa na benki za maendeleo, ikiwemo IFC, ambayo ni mkono wa Benki ya Dunia unaokopesha kampuni, pamoja na AfDB na benki za Ulaya. Mkopaji hapo hakuwa serikali bali kampuni ya makampuni ya simu ya Afrika. Kabla ya mikongo ya baharini tulikuwa tunategemea setilaiti, bei juu na picha moja inafunguka kwa kusuasua.

Ila mnakumbuka Jumapili ya Mei 12, 2024. Siku ya Mama, oda za zawadi zimejaa, intaneti ikafa. EASSy na mkongo mwingine ilikatika upande wa Afrika Kusini. Mimi nilikuwa na oda tisa kwenye WhatsApp na namba za wateja zimo humohumo, sikuweza hata kuzifungua vizuri. Tangu hapo oda inaandikwa kwenye daftari, jina, namba, mtaa, kiasi. Lipa namba kwa menyu ya nyota haihitaji intaneti, mwambie mteja hivyo mapema.

Halafu hili la fidia, wengi hawalijui. Mradi wa Benki ya Dunia ukipita hapo ulipo, masharti yake yanataka hata asiye na hati ya kiwanja alipwe kwa alichojenga na asaidiwe kwa biashara iliyoharibika, mradi alikuwepo kabla ya tarehe ya mwisho ya kuhesabu watu. Hivyo wakija kuhesabu, usijifiche ukidhani ni mgambo. Uwe na leseni au kitambulisho cha mjasiriamali, picha za kibanda, risiti za mzigo. Na kila mradi unatakiwa kuwa na sehemu ya kupeleka malalamiko, ulizia serikali ya mtaa.

Na wewe unayetafuta mkopo kweli, kuna ule wa halmashauri wa asilimia 10, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Hauna riba, mnaenda kwa kikundi, na ofisi ya maendeleo ya jamii ndiyo inapokea maombi. Benki za biashara nazo wakati mwingine zinakopesha hela zilizotoka benki za maendeleo, lakini hapo riba na masharti ni ya benki yako, na unaenda tawini kwa miguu yako.

Ile meseji ya elfu 25 nitaiweka hapa kesho, namba nimeziziba, muione ilivyopangwa. Ina mpaka nembo.