Koltani ya Kivu: kazi isiyosemwa sana ndani ya simu

Wakaaji wengi wa Kivu wanajua kwamba koltani inaingia katika simu. Inafanya nini humo? Kwa kawaida hutajwa vifaa vidogo vya kutunza umeme. Lakini tantali, madini yatokayo katika koltani, ina kazi nyingine: kuchuja mawimbi ya mtandao.

Simu hufikiwa na mawimbi ya kila namna kwa wakati mmoja. Ili ishike yale inayotaka tu, ndani yake mna vipande vya kristali, vidogo kuliko punje ya mchele. Vingi ni tantali iliyounganishwa na lithiamu na oksijeni, na zaidi ya robo tatu ya uzito wa kristali hiyo ni tantali.

Hilo si jiwe la kawaida. Ukilitia umeme, linajinyoosha. Ukilibana, linatoa umeme. Juu ya uso wake huchorwa vyuma vyembamba kama meno ya chanuo. Wimbi la simu la megahezi 900, ambalo hewani lina urefu wa sentimita 33, likifika hapo linageuka mtetemo unaotambaa usoni mwa kristali kwa kilometa 4 hivi kwa sekunde. Urefu wake sasa haufiki hata sehemu moja ya mia mbili ya milimita. Mtetemo usiolingana na nafasi za meno hufifia. Tena mwendo hubadilika kufuatana na upande kristali ilikokatwa, kama vile kupasua ubao kufuata nyuzi si sawa na kuukata katikati.

Mwingereza Lord Rayleigh alieleza mtetemo wa aina hii mwaka 1885. Wakaaji wa Goma, waliotikiswa na matetemeko ya Mei 2021 baada ya Nyiragongo kulipuka, wanawajua ndugu zake wakubwa: mawimbi yanayotambaa juu ya ardhi. Chanuo lenyewe lilikuja mwaka 1965, kazi ya White na Voltmer huko Berkeley, Marekani.

Kristali hizi hukuzwa katika tanuru zenye joto linalozidi digrii 1,600, Japani ikiwa kati ya inchi zinazozitengeneza. Rubaya, wilayani Masisi, kazi bado ni ya sururu na magunia mgongoni, katika mashimo yanayobomoka mvua ikizidi. M23 iliuteka mji huo mwaka 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaandika kwamba kodi ya koltani huko iliwapa waasi yapata dola 800,000 kwa mwezi.